Ngoja Mvua Ikatike

Tapeli wa kawaida hana makuu. Anataka hela yako, akishaipata anazima simu, na wewe unabaki kugombana na mkeo. Inspekta alikuwa akiwashughulikia watu wa aina hiyo tangu enzi za kuvaa vyeo vya konstebo, na ilishapita miaka bila mmoja wao kumshangaza. Huyu wa pikipiki alimshangaza. Wiki iliyopita, bila mtu kumtisha, tapeli huyu alianza kukataa hela.

"Hebu soma tena," Inspekta akamwambia Koplo.

Koplo alikuwa ameegemea kabati la faili, karatasi za ujumbe mkononi. Alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira uliokwisha kuchezwa.

"Muuzaji: 'Kaka, tuachane na hii biashara, usitume chochote tena.' Mteja: 'Nakuomba kwa hisani yako, usimuuzie mtu mwingine.' Muuzaji: 'Nimesema basi.' Mteja: 'Nitauza nyumba. Nipe muda kidogo tu.' Muuzaji: 'Usiuze nyumba.'"

"Usiuze nyumba," Inspekta alirudia.

"Tapeli mwenye huruma, afande. Labda ameokoka."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, na vijana wa kituoni walikwisha kujua kwamba akinyamaza namna ile ni bora nao wanyamaze.

Kesi ililetwa asubuhi na mke wa mteja. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mzima, na kwa miezi kadhaa alikuwa akinunua pikipiki ya kale kutoka kwa muuzaji aliyemjua kwenye mtandao, mtu wa mji wa mbali kule mpakani. Hakuwahi kumwona wala kuisikia sauti yake. Kwanza ilitakiwa arubuni, kisha hela za kufungasha, kisha za lori. Saluni ikaenda, viti, vioo na vyote. Cherehani ya mke nayo ikaenda. Pikipiki haikufika. Leo saa tisa dalali angeleta mtu wa kununua nyumba.

Mke aliyasimulia hayo mkoba ukiwa magotini, macho makavu kabisa. Ujumbe aliunakili kutoka kwenye simu ya mumewe wakati mume akioga.

"Huyo tapeli mumkamate au msimkamate, hainihusu," alisema. "Yuko mbali, hamtampata. Ninachotaka uje nyumbani na hiyo sare yako, umwambie ameibiwa, aache kuuza nyumba. Mimi hanisikii."

Inspekta alilishika hilo. Waliotapeliwa humtaka tapeli anyongwe kwanza, mengine baadaye. Huyu mama alikuwa kama amemsamehe.

"Picha," Inspekta akasema sasa.

Koplo alizipanga mezani. Ilikuwa pikipiki nzuri kwelikweli, ya zile zilizotengenezwa wakati babu zetu wakiwa vijana wa kuvaa suruali za bugaluu. Tangi la nikeli, taa ya mbele ya duara, siti ndefu ya ngozi.

"Ya kwanza, kiki ya kuwashia iko kulia. Ya pili, kiki kushoto," Koplo alisema. "Ama ni pikipiki mbili, ama picha moja imegeuzwa. Halafu angalia hapa kwenye tangi. Limeng'aa mpaka limemwakisi mpiga picha. Amevaa koti zito na kofia ya sufu, nyuma yake miti imepukutika majani yote. Huko mpakani anakosema yuko, afande, mtu akivaa koti hilo watamkimbiza hospitali. Picha zimechotwa mtandaoni. Namba ya fremu hajaituma hata siku moja, namba ya injini hajaituma, kadi hajaionyesha. Akiombwa apige simu ya video, mtandao mbovu."

"Na sababu za kuchelewa?"

"Hapo ndipo pananichekesha. Wenzake huwa na mambo mengi, mara forodha, mara bima, mara dereva amepata ajali, mara mkewe amejifungua. Huyu ana sababu moja tu. Mvua." Koplo alipekua. "'Ngoja mvua ikatike, kaka.' 'Mvua ikikatika tunapakia.' 'Bado inanyesha, ngoja ikatike.' Nimempigia mwenzetu wa kituo cha kule. Anasema wanakula vumbi. Mvua wameisahau."

Inspekta alizivuta karatasi upande wake akazisoma mwenyewe, kidole kikitambaa chini ya kila mstari. Kidole kilisimama.

"Kinyozi anaandika, 'Amefunikwa vizuri lakini? Asilowe.' Na hapa, 'Atafika lini?'" Aliinua macho. "Pikipiki inafika lini, Koplo?"

"Itafika lini."

"Huyu anaandika atafika. Hapa tena, 'nimemkumbuka sana.' Pikipiki hii ina jina. Jina la mtu." Alisimama, akavaa kofia. "Mtu anayetaka hela hakatai nyumba. Anayekataa nyumba ni yule ambaye nyumba ikiuzwa ataumia. Nani anaishi pale?"

"Mume, mke, na mdogo wake mume, chumba cha uani." Koplo alitabasamu taratibu. "Ambaye anauza spea za pikipiki."

*

Mtaani walimwita Spea, na duka lake lilikuwa upenyo kati ya kuta mbili, limeezekwa bati. Minyororo ilining'inia mlangoni. Ndani palinuka mpira mpya na petroli. Alikuwa ameinamia kabureta, akilipuliza kwa mdomo.

"Karibu afande. Plagi, breki au matatizo?"

"Kaka yako anatapeliwa," Inspekta alisema.

"Kaka anatapeliwa tangu azaliwe. Safari hii tu ndiyo amepata fundi."

"Unamjua huyo fundi?"

"Ningemjua ningemwomba kazi. Biashara yenyewe hii unaiona."

"Nipe simu yako."

Spea aliacha kutabasamu, lakini simu aliitoa. Koplo aliipokea na kuanza kuipekua akiwa amesimama mlangoni.

"Wewe ndiye uliyemwingiza kaka yako kwenye lile kundi la mtandaoni la pikipiki za zamani."

"Ni mimi. Nilidhani atatazama picha afurahi, basi. Akaandika tangazo, natafuta ya namna fulani, tangi la nikeli, mwaka fulani. Siku hiyo hiyo akajibiwa. Nikamwambia, kaka, chombo cha kale hununui kwa macho ya mwenzako. Mwambie apige picha namba ya fremu na ya injini, uone kama zinaoana na kadi. Mwambie aiwashe kwenye video ukiwa unaona, tena ikiwa baridi, maana iliyopashwa moto inaficha magonjwa. Mwambie aandike neno unalotaka wewe kwenye karatasi, ailaze juu ya siti, apige picha. Akigoma kimoja tu, kimbia. Unajua aliniambiaje?"

"Alikuambiaje ndiyo nataka kujua."

"Kwamba nina wivu. Kwamba maswali mengi yatamuudhi muuzaji." Spea alilirudisha kabureta mezani. "Mtu anamwogopa mwizi asije akaudhika."

"Nyumba ikiuzwa utalala wapi?"

"Hapa. Juu ya matairi."

"Basi una sababu ya kutaka isiuzwe."

"Ninayo, na sikuificha. Juzi tulishikana mashati sebuleni, muulize shemeji, ndiye aliyetuamua. Sasa afande, mtu mwenye mdomo kama wangu aanze kujificha nyuma ya simu ili iweje?"

Inspekta aliokota plagi kuukuu, akaitazama, akairudisha mahali pake.

"Kaka yako aliwahi kuwa na pikipiki kama hii."

"Ya hivi hivi. Mimi nilikuwa mdogo, naishi kwa bibi, nilikuwa naiona likizo. Ilikuwa haitembei afande, ilikuwa inatembezwa. Anaifuta asubuhi, anaifuta jioni. Usiku inalala sebuleni."

"Nyumbani iliitwaje?"

"Pikipiki? Ina jina gani zaidi ya lile la kiwandani?" Alishangaa kweli. "Kaka alikuwa akisema mashine yangu. Nyingine siijui."

"Aliiuza kwa nini?"

"Aliiuza baada ya msiba. Walifiwa na mtoto, kalikuwa hata shule hakajaanza. Homa. Wakubwa hawakutusimulia." Alipangusa mikono kwa tambara. "Kaka haongelei. Shemeji naye haongelei. Kinachoongelewa pale ni pikipiki."

Koplo alitikisa kichwa kutoka mlangoni. Kwenye simu hakukuwa na kitu zaidi ya madeni ya matairi na wanawake wawili waliodhani kila mmoja yuko peke yake.

"Simu inabaki kwetu mpaka jioni," Inspekta alisema.

"Hawa wawili wakipiga msipokee," Spea akasema. "Nawaomba."

*

Nyumba ilikuwa ya matofali, ya vyumba vitatu na jiko, safi kupita kiasi. Sebuleni viti vilikuwa vimesukumwa ukutani vyote. Katikati palitandikwa zulia jipya, juu yake kukawekwa sinia la bati, la kukinga mafuta yatakayodondoka. Turubai la kufunikia lilikuwa limekunjwa pembeni, limeshonwa vizuri, pindo mara mbili. Mgeni akiingia ilibidi apite kwa ubavu ili asilikanyage zulia. Inspekta alipita kwa ubavu.

Kinyozi alimtazama kichwani kabla ya kumtazama usoni, kama vinyozi wote.

"Nywele zinakukatika hapo mbele, afande. Kazi ngumu." Alionyesha kiti. "Najua kilichokuleta. Huyu ameenda kunisemea. We, leta chai."

Neno "we" lilikuwa kwa mkewe. Hakugeuza hata shingo. Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akageuka, akaingia, pazia likarudi mahali pake.

"Turubai zuri," Inspekta alisema.

"Alilishona yeye, kabla sijaiuza cherehani. Pindo la kwanza lilikuwa bovu, nikamfumulisha."

"Mzee, picha ulizotumiwa ni za wizi. Huko mpakani hakunyeshi. Hakuna pikipiki."

Kinyozi alitabasamu kwa upole wa mtu anayemsikiliza mtoto.

"Nilikuwa naye huyo kabla wewe hujawa askari, afande. Namjua kwa alama yake. Pembeni ya tangi, karibu na mfuniko, ana kovu dogo. Kwenye picha lipo."

"Lipo, kwa sababu ulilitaja kwenye tangazo lako. Ukiandika mtandaoni kwamba unatafuta mke mwenye chongo, utaletewa mwenye chongo."

"Basi tumpime," Kinyozi akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kidogo. "Si ndicho unachotaka? Mpime. Atashinda."

Ndicho alichokitaka. Inspekta aliegemea.

"Mwandikie hivi: 'Andika jina lake kwenye karatasi, weka juu ya siti, piga picha.' Usimtajie jina. Hata mimi usinitajie."

Mtu mzima yule aliona haya. Alikitazama kidole chake cha gumba, akacheka kidogo puani.

"Umejuaje kama ana jina?"

"Umeandika atafika lini."

Kinyozi aliandika polepole, simu ikiwa mbali na macho, midomo ikifuata herufi. Akatuma. Nje Koplo alikuwa amesimama dirishani, kivulini, simu yake mkononi. Jikoni sufuria liligonga jiko, kisha kukawa kimya. Inspekta aliutazama ukuta. Ulikuwa na msumari mmoja mahali palipopaswa kuwa na picha, na alama ya mraba mweupe chini yake.

Simu ya Kinyozi ililia. Alisoma, na uso wake wote ukachanua.

"Haya. Soma mwenyewe."

Inspekta alisoma. *Siwezi kupiga picha sasa kaka, Bi Mdogo nimeshamfunika. Ngoja mvua ikatike.*

"Umeona?" Kinyozi alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Bi Mdogo. Ndiye. Ndiye yeye mwenyewe."

"Ulishawahi kumwandikia jina hilo?"

"Hapana."

"Yule uliyemuuzia zamani, ulimtajia?"

"Ningemtajiaje mwanaume mwenzangu kwamba pikipiki nyumbani kwangu inaitwa mke mdogo? Ningechekwa mji mzima. Hata mdogo wangu hajui. Jina hilo halijatoka ndani ya nyumba hii, afande, utani wa chumbani tu."

"Sasa muuzaji amelijulia wapi?"

Kinyozi alifikiri. Kwa muda Inspekta aliamini kwamba mzee angefika mwenyewe, na akampa nafasi.

"Basi lazima limeandikwa mahali," Kinyozi alisema. "Chini ya siti pengine. Nililiandika nikasahau."

Inspekta alijisikia kumpiga kibao. Badala yake aliinua mkono dirishani, na Koplo akabonyeza namba ya muuzaji.

Hakukusikika mlio. Jikoni, kitu kilianza kutetemeka ndani ya bati, trrr, trrr, kikanyamaza, kikaanza tena. Kinyozi hakukisikia, alikuwa anaisoma upya ile Bi Mdogo. Inspekta alinyanyuka, akazunguka zulia, akafungua pazia.

Mke alikuwa amesimama mbele ya rafu. Mbele yake kopo la majani ya chai lilikuwa linatembea lenyewe juu ya ubao, kidogo kidogo. Alilifungua, akachomoa simu ndogo iliyoingiwa na majani, akaipangusa kwenye kanga na kumkabidhi Inspekta.

"Sukari unaweka ngapi?" aliuliza.

"Siweki." Inspekta alikaa kwenye kigoda. Koplo alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, akasimama. "Ulijua namtega muuzaji. Mbona ulijibu?"

"Mkono umezoea. Akiandika, najibu."

"Na jina?"

"Sina jina lake jingine." Mke alimimina chai. "Mimi ndiye niliyempa. Mume ananunua kitu, anakilaza sebuleni, anaamka kukitazama, mimi na mwanangu tuko chumbani peke yetu. Ungekiitaje? Nilisema kwa uchungu. Yeye akacheka, akalipenda."

"Laini hii imesajiliwa kwa jina la nani?"

"La mama yangu. Marehemu."

"Hela zote zimepita humu."

"Zote. Na za cherehani. Siku ile aliiuza cherehani yangu, jioni akanitumia bei yake mimi mwenyewe, tena akaniomba nisimwambie mkewe." Alikaribia kucheka. "Nilimjibu, wanawake hawajui vyombo, kaka."

Koplo alikohoa. Alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

Mke aliweka birika chini. Alisimulia akiwa amelitazama jiko, kwa sauti ile ile ya asubuhi kituoni.

"Mtoto alishikwa na homa mchana. Hospitali si mbali kwa pikipiki, kwa miguu ni mbali. Nilishamfunga mgongoni, niko mlangoni. Mvua ikaanza. Yeye anaiangalia mvua, anaangalia tangi. Lilikuwa limetoka kupigwa nikeli wiki hiyo. Akaniambia, ngoja mvua ikatike. Nikangoja. Nilikuwa bado mke mtiifu. Ilipokatika, mtoto alikuwa hana shida na hospitali tena."

Alipangusa mdomo wa birika kwa pindo la kanga, akaendelea.

"Akaiuza, nikadhani ni majuto. Kumbe aliiuza kwa sababu watu walikuwa wanaitazama vibaya. Miaka yote hii hajamtaja mtoto. Zamani aliniita kwa jina la mwanangu, Mama fulani, kama wanawake wote wanavyoitwa na waume zao. Tangu tulipozika ananiita wewe. Nikasema labda ndivyo anavyoumia. Halafu siku moja nikamkuta na simu ya mdogo wake anatazama picha ya pikipiki, analia. Machozi haya." Alionyesha shavuni mpaka kidevuni. "Sikuwahi kujua kwamba anayo."

"Ukamuuzia."

"Nikamuuzia. Na kila siku nikamwambia maneno yake mwenyewe. Ngoja mvua ikatike. Nilikuwa nasubiri ashtuke, afande. Siku moja tu angeuliza, maneno haya niliyasikia wapi, ningeacha siku hiyo hiyo, ningepiga magoti. Unajua alikuwa ananijibuje?"

Inspekta alijua. Alikuwa amelisoma jibu hilo asubuhi, likampita. "'Sawa kaka, tusiharakishe,'" alisema. "'Nikeli ikilowa inaharibika.'"

"Ikilowa inaharibika," mke alikubali.

"Na nyumba?"

"Nyumba sikuifikiria. Nilidhani akikaukiwa ataacha. Nikamkataza kama muuzaji, akanibembeleza. Nikamkataza kama mke, sauti sina. Nikasema atasikia sare. Nilitegemea nipate askari mvivu, aandike tapeli yuko mbali, aje amkemee, aende zake." Alimsogezea Inspekta kikombe. "Nikakupata wewe."

"Mlalamikaji na mtuhumiwa ni mtu mmoja," Koplo alisema chini chini. "Fomu haina nafasi hiyo, afande."

Mlango wa mbele uligongwa. Dalali aliingia na sauti kubwa na viatu vilivyopigwa rangi, nyuma yake mnunuzi wa nyumba akipimapima dari kwa macho. Alimwona Inspekta akitokea jikoni, sauti ikapungua.

"Nyumba hii iko kwenye upelelezi," Inspekta alimwambia mnunuzi. "Anayeinunua leo ananunua pamoja na kesi."

Mnunuzi aliacha kutazama dari. Akaaga kwa kichwa, akatoka, na dalali akamfuata nje akimshika mkono wa shati, akieleza jambo. Hawakurudi. Mke, mlangoni mwa jikoni, alifumba macho mara moja akayafumbua. Nyumba ilikuwa imebaki.

"Umefanya nini?" Kinyozi alisema. "Afande, muuzaji akinikimbia nitakushtaki. Nitakushtaki wewe."

Inspekta aliilaza simu ndogo juu ya sinia la bati, katikati ya zulia. Majani ya chai yalidondoka.

"Mwandikie," alisema.

Kinyozi hakuelewa, lakini aliandika, kwa mazoea. Simu iliyokuwa kwenye sinia ikatetemeka. Aliitazama. Aliandika tena, ikatetemeka tena. Kisha aliinua macho, taratibu, yakampita Inspekta, yakamfikia mkewe.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo hayuko?" Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. "Bi Mdogo. Hayuko popote?"

"Hakuwahi kuwepo."

Inspekta alikuwa ameona watu wakiambiwa habari za vifo, na hakuna aliyekaa chini namna ile. Kinyozi alikaa juu ya zulia lenyewe, miguu mbele, kama mtoto. Alilia bila kuficha uso. Mke alimtazama akilia mpaka alipopunguza, bila kusogea.

"Maneno ya mvua, mzee," Inspekta alisema. "Ngoja mvua ikatike. Hukuyakumbuka?"

Kinyozi alipangusa pua kwa mkono. Alijitahidi, ilionekana wazi kwamba anajitahidi.

"Si ndiyo alikuwa akiniandikia siku zote?"

"Kabla ya hapo."

"Hapana," alisema. Kisha akili ikamrudia upande mwingine, akamgeukia mkewe. "Hela zangu ziko wapi? Saluni yangu nzima."

"Sijala hata ya chumvi. Zimejenga. Saruji, vigae vyeupe, na jiwe lenye jina. Kulikuwa na kichuguu tu na kopo la maua, majani yamefunika. Sasa ukipita barabarani unaliona."

"Unaona nini?"

"Kaburi."

Kinyozi alimtazama, macho yamevimba, amechanganyikiwa kwa dhati, kama mtu aliyeamshwa katikati ya safari.

"Kaburi la nani?" aliuliza.

Mke alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti na kuchukua mkoba wake ule wa asubuhi. Alipofika karibu na Koplo, aliyekuwa amewafuata sebuleni, alisimama.

"Umemsikia," alimwambia. "Liandike na hilo."